Waliobadilisha Neno la Kuume

Kombo alikuwa amelala chali kwenye nyasi, na mguu wake mmoja umeelekea upande ambao mguu wa mtu hauelekei. Mimi ndiye niliyemfikia kwanza, kwa sababu kukimbilia aliyeanguka ilikuwa sehemu ya kazi yangu na chupa za maji nilikuwa nazo mkononi. Hakupiga kelele. Aliniangalia kupitia vile vyuma vya mbele ya kofia akasema, "Mjomba, Byamungu hakuja. Mbona hakuja?"

Byamungu alikuwa nyuma yangu, amesimama palepale alipokuwa wakati mpira unaanza. Mtu mwenye kifua kama mlango, mikono inaning'inia, anarudia neno moja kwa sauti ndogo kama mtu anayesali: "Kuume. Kuume. Kuume."

Pembeni mwa uwanja Mwenyekiti, Bwana Derek Halloway, alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, na ilikuwa Julai, mwezi wa joto huku. Kocha Mkuu, Todd Varnick, alitupa chini karatasi zake akaingia uwanjani. Hakwenda kwa aliyeumia. Alikwenda kwa Byamungu, akasema mbele ya timu mbili na familia za watu: "Kati ya nyinyi watano wa mbele wewe ndiye pekee unayejua hii lugha, na wewe ndiye pekee uliyekosea! Hujui hata lugha yako mwenyewe?"

Hiyo ilikuwa mwaka 2004, hapa London, kusini. Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba Ujiji, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimefua nguo za wanaume wazima walioloa matope. Lakini lile swali la Varnick nimekaa nalo miaka yote hii na sasa naliandika, ili vijana mnaokuja kufanya kazi kwenye viwanja vya watu mjue kazi yetu ilikuwaje, na mjue pia nani alifanya nini.

Nirudi nyuma.

Nilianza kazi pale mwaka 1993. Kampuni ya usafi iliyoniajiri ilinipa anwani ya uwanja mmoja maeneo ya Lewisham, ikasema nikafagie vyumba vya kubadilishia nguo. Nilifika nikakuta chumba kimejaa kofia kubwa zenye vyuma usoni. Nikadhani ni mambo ya pikipiki. Kwenye kiti alikuwa amekaa Mmarekani mmoja mnene mwenye nywele fupi, anajaza upepo ndani ya kofia kwa pampu ndogo yenye sindano, kama ile ya kujazia mpira. Huyo ndiye Lyle Dempster, Kocha Mkuu wa kwanza niliyefanya naye kazi. Aliwahi kuwa mwanajeshi kwenye kambi ya ndege za Wamarekani huku Uingereza, akaoa Mwingereza, akabaki.

"Unaujua mpira?" akaniuliza.

"Naujua sana. Nimecheza namba tatu."

"Huu huujui," akasema, akanirushia pampu. "Shika. Kofia ikibana sana, mtu anaumwa kichwa. Ikilegea, mtu anakufa. Katikati ya hapo ndipo penye mshahara wako."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Ufagio niliuacha mlangoni, na sikumbuki nani aliuchukua.

Kwa ambao hamjauona, mpira wa Kimarekani haufanani na mpira wetu. Wenyewe una umbo la papai dogo, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Ikishindwa, wenzao wanachukua. Mtu muhimu kuliko wote anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kila unapoanza, na ana muda wa kuvuta pumzi mbili tu kuamua amrushie nani. Mbele yake wanasimama majitu matano. Sisi tuliwaita ukuta. Wa katikati ya ukuta anaitwa senta: anainama, anapitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma kwa kwotabeki, halafu papo hapo anainuka kuzuia watu wasimfikie. Hiyo kazi ya senta haiimbwi na mtu. Nimeiona kwa karibu, na nasema hakuna kazi ngumu kuipita uwanjani.

Kazi yangu mimi ilikuwa vifaa. Pedi za mabega zinafutwa kwa siki na kuanikwa zikiwa zimefunguliwa, zisioze. Skrubu za kofia zinakazwa kila wiki. Vifundo vya miguu vya wachezaji vinafungwa utepe kabla ya mechi, na utepe una namna yake. Ukiufunga ovyo damu haipiti na mtu anakutukana. Klabu ilikuwa ya ridhaa, hakuna aliyelipwa kucheza. Walikuwa mafundi bomba, madereva, walimu, wapakia mizigo. Nembo yao ilikuwa ndege mwenye miguu mirefu, kwa hiyo sisi watu wa Kiswahili tulipoanza kuongezeka pale tuliiita klabu Korongo, na hata Waingereza wakaanza kusema Korongo, kwa midomo yao.

Baada ya miaka michache niliacha kuwa mtu wa vifaa tu, nikawa shabiki. Huwezi kufua jezi ya mtu kila wiki usiwe na maoni juu yake. Na maoni yangu kuhusu kwotabeki yalikuwa tofauti na ya wengi, nayo bado ni yaleyale.

Wa kwanza niliyemwona alikuwa kijana mzuri wa sura, mrefu, mkono kama winchi. Wakati wa kupasha misuli alirusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi karibu na choo cha upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Mechi ilipoanza, akiona mtu anamjia anafumba macho. Nilimwambia Lyle, "Huyu anarusha vizuri kama hakuna adui." Lyle akacheka akasema hata Amerika wamejaa wa aina hiyo, na wanalipwa. Wa pili alikuwa jasiri lakini akikosea anamgombeza aliyekosa kudaka. Ukuta haumlindi mtu wa namna hiyo kwa moyo wote. Unamlinda kwa nusu. Wa tatu alikuwa na akili nyingi, mhasibu, kila kitu anakiandika. Mpaka amalize kufikiri ameshalala chini.

Mimi kwotabeki namwangalia miguu. Mkono ni wa baadaye. Namwangalia pia baada ya kuangushwa: anainuka akimtazama nani? Akimtazama refa, si mtu. Akimtazama mtu wa ukuta aliyepitwa, ampe mkono, basi huyo anafaa.

Kombo nilimpata mwenyewe, na hilo najivunia, hata kama nikimtazama leo sijui kama nilimfanyia wema. Ilikuwa Tooting, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza ninakonunua dagaa na unga wa muhogo. Kijana mmoja wa Unguja, dereva wa basi anayeishi Kilburn, alikuwa amesimama kwenye rafu za matunda anaongea na simu, huku anamrushia yule mama machungwa mpaka kaunta, moja moja, amwekee kwenye mfuko. Hakuwa akimtazama. Kila chungwa lilitua mkononi mwa yule mama kama limewekwa.

"We kijana," nikamwambia, "umejifunza wapi hiyo?"

"Mpira wa mikono, mjomba. Skuli, Unguja. Kwani vipi, umeibiwa chungwa?"

Byamungu alikuwa ameshafika Korongo kabla yake. Mkongomani wa Uvira, aliomba hifadhi akapewa, akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, anakuja mazoezini akiwa amebeba chakula kwenye bakuli na anakigawa. Lyle alimwona anasogeza peke yake kabati la chuma la vifaa, akamfanya senta siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu lile neno, na hapa nawaomba msome polepole.

Kabla mpira haujaanza, kwotabeki anaangalia maadui wamejipanga vipi, halafu anapiga ukelele kuuambia ukuta uegemee upande gani. Akisema upande huu, wote watano wanapiga hatua moja upande huo kwa pamoja, kama mlango wa reli. Mmoja asipokwenda, panabaki pengo, na katika pengo hilo anapita mtu mwenye uzito wa ng'ombe, moja kwa moja mpaka kwa kwotabeki ambaye macho yake yako mbali. Timu nyingi zilitumia Kiingereza, kwa hiyo adui alisikia kila kitu. Kombo na Byamungu wakaanza kutumia Kiswahili.

Siku ya kwanza walivyojaribu, Kombo akapiga kelele, "Kulia! Kulia!" Wale wengine wanne wakangoja. Byamungu akasimama wima, mpira uko mkononi, akageuka nyuma.

"Kulia nini? Nani amekufa?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Maana kwa watu wa kule kwa Byamungu, mkono huu wa kulia chakula unaitwa kuume, kama ilivyo kwenye Biblia, na kulia ni kutoa machozi tu. Kombo akamwambia, "Yakhe, hicho cha kwenu si Kiswahili, hicho kimepigwa na jua." Byamungu akajibu, "Na cha kwenu kimeloa maji ya chumvi, ndiyo maana hakisikiki." Lyle akaja akauliza tunacheka nini. Nikamweleza.

Lyle akamuuliza Kombo, "Ukuta ukikosea, nani anaumia?"

"Mie."

"Na nani anatakiwa kusogea?"

"Yeye. Byamungu."

"Basi tumia neno lake. Wewe una muda wa kufikiri kabla. Yeye hana."

Ikawa kuume na kushoto. Wale wanne wengine wa ukuta, Waingereza na Wajamaika, kwao ilikuwa sauti tu. Ungewapa "sufuria" na "kijiko" wangekwenda vilevile. Kombo naye akajizoeza kusema kuume mpaka mkewe akamlalamikia nyumbani kwamba ameanza kuongea kama mchungaji. Misimu iliyofuata niliosha jezi yake na mara nyingine haikuwa na doa mgongoni, na kwotabeki asiye na doa mgongoni ni sifa ya ukuta.

Lyle aliacha kazi mwishoni mwa 2003. Nyonga zilikuwa zimemwisha. Nafasi yake ilitakiwa kwenda kwa msaidizi wake, Mjamaika wa Catford aliyemjua kila mchezaji na mama yake. Hivyo ndivyo tulivyofikiri sote. Lakini mwenye kuamua alikuwa Mwenyekiti, Derek Halloway, mwenye maduka ya mazulia, aliyeingia klabuni miaka miwili nyuma na kulipia mabango. Akamleta Todd Varnick.

Kuhusu kuajiri makocha nina maoni pia. Watu wanauliza kocha anajua nini, amefundisha wapi, ameshinda nini. Mimi nimekaa chini ya makocha, nimewabebea mifuko, na nasema cha kwanza cha kuuliza ni huyu mtu anamwogopa nani. Lyle alimwogopa mkewe peke yake. Varnick alikuja na pete kubwa ya ubingwa wa chuo fulani cha Amerika, meno meupe, na mkataba wa msimu mmoja ambao Halloway angeuongeza au asingeuongeza. Kila baada ya mazoezi alikuwa anageuka kutazama kama gari la Halloway lipo. Niliona hilo wiki ya kwanza. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu wa vifaa haulizwi, lakini pia kwa sababu nilishaona wengi wa hivyo na wengine hawakuleta madhara.

Niwe mkweli juu yake: mchezo aliujua. Alimfundisha Kombo kuficha mpira nyuma ya nyonga, na alimwambia mbele yangu kwamba kuna timu ya kulipwa, kule Ulaya, itatuma mtu kuja kumtazama. Kombo alikuwa amevuka umri wa kuota, lakini jioni ile alivaa viatu vyake vibaya, cha huku kule na cha kule huku, akaenda navyo hadi stesheni.

Kisa kilianza kwenye chakula. Halloway aliandaa chakula cha jioni cha wafadhili, sisi tukahudumu. Kwenye meza yake alikaa bwana mmoja aliyewahi kufanya biashara Nairobi. Halloway akajisifu kwamba timu yake inapiga kelele kwa Kiswahili, akamwita Kombo aje aseme yale maneno. Kombo akasema. Yule bwana akacheka, akamwinamia Halloway, akamwambia kitu. Nilikuwa nyuma yao na sahani. Alimwambia kwamba hilo neno limetokana na mambo ya kiume, na kwamba ukiondoa herufi moja tu ya mwanzoni unataja kile ambacho mwanaume anakificha ndani ya suruali.

Ni kweli, limetoka hukohuko. Hata mkono wa kulia umetoka kwenye kula, na hakuna anayeshika tumbo akiusikia. Lakini Halloway uso ulibadilika. Meza ya pili walikaa wafadhili wapya, na pale uwanjani wasichana walikuwa wameanzishiwa timu yao. Siku iliyofuata alikuja ofisini kwa Varnick na mlango ulikuwa wazi, maana ofisi hiyo ilikuwa haifungiki.

"Sitaki watu wangu wapige kelele za uchi wa mwanaume kila Jumapili," akasema Halloway. "Tafuta neno safi."

Varnick akasema, "Msimu ukiisha nitalibadilisha."

"Jumapili hii," akasema Halloway. "Na ule mkataba wako tutauzungumza Jumatatu."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nahesabu soksi.

Alhamisi Varnick akawakusanya. Akasema kuanzia leo neno ni kulia, amelihakikisha kwenye kamusi, ndilo Kiswahili sahihi. Byamungu akainua mkono kama mwanafunzi. Akazungumza Kiingereza chake cha hospitali, halafu kikamwishia akanigeukia mimi.

"Kaka mukubwa, mwambie. Banatubadilishia neno siku tatu mbele ya mechi? Mimi ile neno naijua, sisemi siijui. Lakini nikisikia kulia niko nasikia mutu analia. Mpaka nikumbuke, mpira umeshaenda."

Nikatafsiri yote. Varnick akasema, "Wenzako wanne hawajui Kiswahili kabisa na hawana tatizo."

Hapo ndipo penye kosa lenyewe, na hakuliona. Wale hawakuwa na tatizo kwa sababu hawakujua Kiswahili. Kwao sauti moja imeondoka, nyingine imekuja. Byamungu peke yake ndiye alikuwa na neno linalomvuta upande mwingine.

Kombo akaingia. "Kocha, mie ndiye ninayeita na mie ndiye ninayepigwa. Niache niite kuume. Au weka jina lolote, weka chungwa na ndizi. Lakini kulia, huyu ndugu yangu litamchanganya."

"Wewe ni kwotabeki," Varnick akasema. "Siku ukiwa Mwenyekiti utachagua maneno."

Wakafanya mazoezi. Ukelele wa kwanza, wanne wakasogea, Byamungu akabaki. Watu wakacheka. Wa pili, akabaki tena. Wa tatu akasogea, kwa kuchelewa. Wa nne akabaki. Varnick aliyaona hayo yote, alikuwa amesimama karibu nao na filimbi mdomoni. Akasema, "Jumapili atakuwa ameshazoea," akaangalia kama gari la Halloway lipo. Lilikuwapo.

Jumapili Byamungu alitoka kanisani moja kwa moja, suruali ya ibada bado ameivaa. Nilipomfunga utepe aliniambia, "Kaka, nimeomba Mungu leo Kombo asiite ule upande." Nikamwambia ataita mara chache. Na kweli, kipindi cha kwanza Kombo alikwepa. Kila alipoweza aliita kushoto, hata pale ambapo mtu anayejua mchezo aliona kwamba kushoto hakukufaa. Varnick aliliona hilo pia. Mapumzikoni akamwambia mbele ya wote: "Yule mtu wa Ulaya amekaa pale juu. Anaona unaogopa upande mmoja. Unataka aandike hivyo?"

Kipindi cha pili, adui wakajazana upande wa kulia. Mtu yeyote angeona. Kombo akaangalia, akaangalia tena, akaita, "Kulia! Kulia!" Byamungu akapitisha mpira vizuri, safi. Wanne wakaenda. Yeye akainuka, akasimama. Mmoja wa adui akapita kwenye pengo. Yaliyofuata nimeshayaandika.

Jumanne yake Halloway aliitisha mkutano kwenye ukumbi wa klabu. Alisimama chini ya nembo ya ndege akasema ni jambo la kusikitisha, ni ajali ya mchezo, na kwamba uchunguzi wa benchi la ufundi umeonyesha mchezaji mmoja alishindwa kufuata maelekezo yaliyotolewa kwa lugha yake ya kuzaliwa. Akasema klabu na mchezaji huyo wataachana kwa heshima. Byamungu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na tai. Nikanyanyuka. Nikasema, "Mwenyekiti, neno lilibadilishwa Alhamisi. Waambie nani alilibadilisha na kwa nini."

Halloway akanitazama kama mtu anayetazama bomba linalovuja. "Hamisi, tunashukuru kazi yako nzuri na vifaa."

Nikamgeukia Varnick. "Kocha, ulimwona mazoezini. Alibaki mara ngapi?"

Varnick akasema, "Sikumbuki." Alikuwa anazungusha pete kidoleni.

Watu wakatazama chini. Yule Mjamaika msaidizi peke yake ndiye alisema, "Mjibuni." Wakahamia ajenda ya nyasi.

Mimi nilibaki klabuni miaka mingine minne, nitawaambia ukweli, kwa sababu nilikuwa na watoto na mtu wa umri wangu asiye na cheti hapati kazi kwa kuwa na msimamo. Nilifua, nilikaza skrubu, nilijaza upepo. Niliona kwotabeki watatu zaidi na sina la kusema juu yao. Varnick aliongezewa mkataba, baadaye akapata kazi kubwa zaidi kaskazini. Halloway alipoachia kiti wakaliita jukwaa kwa jina lake. Ukipita pale utaliona limeandikwa. Mimi niliondoka 2008 mgongo uliponikatalia kuinua mifuko. Walinipa saa ya ukutani na keki. Keki ilikuwa nzuri.

Kombo mguu ulipona vibaya. Kanyagio la basi hawezi kulikanyaga siku nzima, kwa hiyo wamempa kiti kwenye chumba cha redio cha gereji, anawaambia wenzake wapite barabara gani. Nikienda kumwona Kilburn, watoto wake wananisalimia kwa Kiingereza na yeye anawagombeza kwa Kiswahili, nao wanajibu kwa Kiingereza. Hana kinyongo na Byamungu. Alimwambia hivyo mwenyewe, hospitalini, siku ya tatu: "Ndugu yangu, mie ndiye niliyeita. Nilijua hutasikia. Niliita kwa sababu ya yule mtu juu ya jukwaa." Byamungu alitikisa kichwa tu.

Maana shida iko kwa Byamungu. Habari ilifika kanisani kwao kabla yake, ikafika kama ilivyosemwa ukumbini: kwamba alisikia maelekezo kwa lugha yake mwenyewe akasimama tu, mtu akavunjika. Alikuwa anaongoza sala, akaacha. Siku hizi anakaa nyuma, karibu na mlango. Bado anasukuma vitanda. Nilimuuliza mwaka jana kwa nini haongei mbele ya watu tena, akanijibu, "Kaka, mutu asiyejua lugha yake aongee nini?" Alisema bila hasira. Hilo ndilo linalonikera, kwamba anaamini.

Nimestaafu, sina kazi ya kupoteza wala mkataba wa kuongezewa. Vijana mtakaosoma hapa mtakutana na makocha wazuri na wabaya, na mtajifunza kufunga utepe vizuri kuliko mimi. Lakini haya ya mwisho siwaandikii nyinyi. Nawaandikia watu wawili, wako hai, na Kiswahili wanaweza kutafsiriwa na mtu yeyote anayekijua.

Derek Halloway: ulitoa amri neno libadilishwe kabla ya Jumapili ile kwa sababu uliona aibu mezani. Todd Varnick: ulimwona Byamungu akibaki Alhamisi, ukanyamaza, ukaenda naye uwanjani Jumapili. Sitaki pole, na Kombo hataki. Byamungu anaabudu kila Jumapili asubuhi, Lewisham, kanisa liko juu ya duka la vitanda, mlango wa pembeni, ngazi ni moja. Nendeni. Simameni mbele ya wale watu waliosikia uongo wenu, mkiwa wawili, na mseme kwa sauti ni nani kati yenu aliyebadilisha neno, na ni nani aliyejua kwamba halitafika.